Kahawa Isiyoonjwa

Mimi si mtu wa kutoka. Nyumba yangu iko Kashai, hapa Bukoba, hatua chache tu kutoka kijiwe cha bodaboda, na bado vijana wa pale wakiniona barabarani huniuliza kama nimepotea. Kochi langu lina bonde upande wa kushoto, karibu na soketi ya kuchajia simu, na bonde hilo nimelichimba mwenyewe kwa miaka ya kukaa. Mume wangu kazi yake iko Biharamulo, hurudi mwisho wa mwezi, na kila akirudi hulitazama lile bonde na kusema limeongezeka kina. Watu wakiniuliza nafanya nini, najibu kwamba nina duka. Duka lipo kweli, limetazama njia, la sabuni, sukari na vocha. Ila anayeuza ni dada.

Dada ni yule wa kazi, kama mnavyowaita ninyi nyote majumbani kwenu. Ana miaka ishirini na sita, kwao Kimwani, na wakati wa mambo haya alikuwa amemaliza kwangu miaka sita. Jina lake nalijua. Hapa siliandiki kwa heshima. Siku zile sikulitamka kwa uvivu.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila aliponiletea kitu cha kunywa alipiga magoti, akamimina tone kiganjani, akalilamba, ndipo akanipa kikombe kwa mikono miwili. Amelelewa na bibi yake, na kwa bibi yake pombe ya lubisi haimfikii mgeni kabla aliyeileta hajaionja, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna sumu. Hilo hata sisi wa Izigo tunalijua, na marehemu mama alilishika sana. Lakini kwetu liliishia kwenye pombe ya ndizi. Yeye alilihamishia kwenye chai, uji, maziwa, na siku moja nikamkuta analamba dawa yangu ya kikohozi.

"Dada, hii ni chai ya maziwa. Nani ataniua kwa chai ya maziwa?"

"Si kuua, Mama. Ni adabu."

"Adabu yako ina mate."

"Mate yamebaki kiganjani, Mama. Kikombe hakijaguswa."

Nilimwambia aache. Akasema ndiyo Mama, na jioni akaonja tena.

Mwaka ule, kabla senene hawajaanza kuanguka, aliniletea karatasi pamoja na chai. Ilikuwa fomu ya chuo cha ushonaji kule Muleba. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wa kujipanga, isipokuwa sehemu ya chini iliyotaka maelezo ya mwajiri: mwombaji ni mtu wa namna gani, na je, mwajiri anamruhusu kuondoka muhula ukianza. Bila maelezo hayo na sahihi, fomu haipokelewi.

"Mama, wewe una mwandiko mzuri," aliniambia. "Ukiniandikia hapo tu, basi."

Mwandiko ninao. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kidato cha nne bila ubishi. Lakini nilipoitazama ile fomu sikuona ushonaji. Niliona mimi mwenyewe nimesimama dukani saa moja asubuhi, nikimtafutia mtu kiberiti. Nikamwambia, "Tutaongea."

Senene wakaanguka, akawachambua ndoo nzima mabawa na miguu, nikala. Akauliza tena. Nikasema tutaongea. Fomu nikaiweka mahali pa salama, na mahali pa salama pakawa ndani ya daftari la shemeji yangu.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Alifundisha Kifaransa sekondari maisha yake yote, akastaafu, na tangu astaafu hana wa kuongea naye Kifaransa isipokuwa redio. Akaamua kututafsiria mchezo wa kuigiza wa huko Ufaransa, wa siku hizi hizi, akauandika wote kwa kalamu katika daftari kubwa. Shule aliyowahi kufundisha ikamruhusu auonyeshe ukumbini, Jumamosi mchana, kabla wanafunzi hawajafunga.

Mchezo wenyewe unamhusu mama mmoja tajiri na watumishi wake wawili, mpishi na wa vyumbani. Huyo mama hawapigi wala hawatukani. Anawaita wote wawili kwa jina la mtumishi aliyefariki zamani, kwa sababu kujifunza majina mapya ni kazi. Kila siku anawaambia kwamba kwake wao ni kama watoto wake. Wakimwomba jambo, anasema watalizungumza baadaye. Basi siku moja wanamtilia sumu kwenye kahawa. Anainywa, analalamika kwamba imepoa, anaendelea kutoa amri kwa kurasa tatu nzima huku akilalamika hivyo hivyo, halafu anaanguka na kufa.

"Kahawa yenyewe ni yetu," shemeji alituambia kwa fahari, siku alipotukusanya sebuleni kwake. "Inatoka hapa, inakwenda kule, ndiyo hiyo inamwua."

Tulikuwa wanawake saba, Wakatoliki na Walutheri, wengi wa kwaya. Akauliza nani angependa kuwa yule mama. Mikono saba ikapanda. Akauliza nani angependa kuwa mtumishi. Kila mmoja akakumbuka kitu cha kutafuta kwenye mkoba. Kati yetu saba hakuna aliyekuwa hana dada nyumbani, na hakuna aliyetaka kuonekana amebeba sinia mbele ya dada wa mwenzake.

Shemeji akanichagua mimi. Nikafurahi, nikamwuliza ameona kipaji gani.

"Shemeji, huyu mama ana kurasa arobaini, na katika kurasa thelathini amekaa," alisema. "Nikatafuta mtu anayejua kukaa."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mpishi akawa mama wa kwaya ya Kilutheri mwenye sauti nene. Mtumishi wa vyumbani akawa mwenye saluni mmoja wa mjini, ambaye alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba hatapiga magoti.

Sharti halikufika mbali. Katika kitabu watumishi wanasimama. Siku ya kwanza ya mazoezi yule wa saluni alininyooshea kikombe akiwa wima kama askari wa usalama barabarani, na wenzetu waliokaa kutazama wakaguna. Shemeji akasema Ufaransa ndivyo. Wakasema hapa si Ufaransa, mtumishi wa hivyo watu watasema anastahili kufukuzwa, na sumu hata hatujaifikia. Basi akapiga magoti, kwa kununa, akisema iwapo mama mkwe wake atasikia, tutamjibu sisi.

Shemeji aliniachia daftari, na mazoezi ya nyumbani niliyafanya kwenye kochi. Dada alikaa kwenye kistuli akimenya ndizi, daftari limefunguliwa juu ya mkungu, akasoma maneno ya watumishi wote wawili. Alianza kwa kusoma kama mwanafunzi, kidole kikifuata mstari. Wiki ya pili kidole kikaacha. Wiki ya tatu alikuwa hatazami daftari kabisa, anatazama ndizi, na maneno yanatoka kana kwamba ameyatunga mwenyewe. Mimi bado nilikuwa nasahau mahali pa kusema "ninyi ni kama watoto wangu", ingawa nilikuwa nimeyasema kwa wageni wangu miaka sita mfululizo.

"Mama, huyu mama wa Ufaransa hana kazi?" aliniuliza jioni moja.

"Ana mali."

"Kwa hiyo anashinda amekaa tu?"

"Soma, dada."

Akasoma kidogo, akamaliza ndizi iliyokuwa mkononi. "Wanamtilia sumu kwa kosa gani hasa? Kupiga hapigi."

"Hapigi."

"Chakula anawapa."

"Anawapa."

"Sasa?"

Nikafikiri. Shemeji alitueleza kwa maneno makubwa, nikayatafuta sikuyapata. Nikamwambia tu, "Hawasikilizi. Kila wakimwomba kitu anasema watazungumza, halafu hawazungumzi."

Dada aliitazama fomu yake. Ilikuwa imechomoza kwenye daftari, maana niliitumia kuonyesha ukurasa tulipoishia. Ilikuwa imeanza kujikunja pembe na kushika utomvu wa ndizi.

"Ahaa," akasema. "Kumbe."

Nikamwambia aniletee maji ya kunywa, koo limekauka kwa kuigiza. Akaleta, akaonja, akanipa. Naapa sikuelewa chochote. Nilikuwa nawaza namna ya kufa. Kufa ndiko kulikonitesa wakati wote ule: nilijaribu kuangukia kulia nikapindua meza, nikajaribu kuangukia kushoto nikaingia kwenye bonde langu la kochi na kushindwa kutoka. Mwishowe nilipata kifo kizuri, mkono mmoja kifuani, mwingine umenyooka kuelekea kikombe. Hicho nilikihifadhi kama kitenge cha sikukuu.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa wanafunzi, wazazi, na mbele kabisa padre na mchungaji wamekaa bega kwa bega. Nyuma, karibu na mlango, walisimama wasichana waliowaleta watoto wa mabosi wao. Dada alikuja kunibebea kitenge na chupa ya kahawa, kwa sababu shemeji alikataa maji ya rangi. Alitaka kahawa ya kweli inayonukia hadi viti vya nyuma.

Nusu saa kabla ya kuanza, yule wa saluni akatuma ujumbe. Amepata homa ya ghafla. Baadaye tulijua homa hiyo ilishuka kwenye basi la Muleba, ikiwa na mkoba na mwavuli, na ilikuwa inataka kuja kumwona mkamwana wake akiigiza.

Shemeji akakaa chini, akashika kichwa. "Mchezo umekufa."

Mimi nilifikiria kitu kimoja tu: kifo changu. Wiki tano za mazoezi zipotee hivi hivi? Nikasema haraka, "Dada anayajua yote."

Shemeji akamgeukia. "Ni kweli?"

"Nayajua, Mwalimu," akajibu dada. Akaniangalia. "Mama, hujanisainia bado. Wanafunga kupokea Ijumaa."

"Dada, sasa hivi? Tutaongea!"

Akafunga kitambaa kichwani, akaingia jukwaani.

Siwezi kusimulia mwanzo wote. Niseme tu kwamba mahali ambapo, kwa maelezo ya shemeji, watu wa Ufaransa walilia, watu wa Bukoba walicheka. Niliposema kwamba kwangu wale wawili ni kama watoto wangu, akina mama wa mbele walicheka kwa adabu, viganja mdomoni. Halafu kikafuata kicheko kingine kutoka mlangoni kwa wale wasichana, kicheko kirefu kisicho na kiganja. Mama mmoja wa mstari wa pili akageuka nyuma kuangalia ni wa kwake au siyo.

Dada aliigiza vizuri kuliko sisi sote. Sisemi hivi kwa moyo mkunjufu, nasema kwa sababu watu zaidi ya mia walikuwepo.

Tukafika kwenye kahawa. Mpishi akasogea mbele, akautoa unga wa muhogo, ndiyo sumu yetu, kwenye karatasi, akauinua wote wauone, akautia katika kikombe na kukoroga. Dada akachukua sinia, akaja nilipokaa, akapiga magoti. Mimi nikaweka mkono kifuani tayari kwa safari ya mwisho.

Akamimina tone kiganjani, akalilamba.

Bibi mmoja wa mbele akapiga kelele: "Ee waitu! Ameonja!" Wanafunzi wakasimama. Mmoja akalia, "Dada, tema! Tema!" Kwenye pembe ya jukwaa nilimwona shemeji amejifunika uso kwa mikono.

Nilimtazama dada machoni, nikaona kwamba mkono wake ulikuwa umemtangulia kwa mazoea ya nyumbani, na yeye ndiyo kwanza anafika. Kwa haki ya hadithi ilimpasa afe yeye. Kifo changu kilikuwa kimelambwa.

Hakufa. Akameza, akaweka sinia sawa, na kusema maneno ambayo hayamo katika daftari lolote.

"Mama, nimeonja. Haina kitu."

"Haina?" mpishi akanguruma nyuma yake, kwa mshangao wa kweli. "Nimeweka mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nimeimwaga, nimetia nyingine," dada akamjibu bila kugeuka. "Sitaki Mama afe. Nataka anijibu."

Katika kichwa changu mlikuwa na kurasa arobaini, na hakuna hata mstari mmoja uliofaa. Mdomo ukafunguka wenyewe na kutoa kile kinachokaa humo siku zote.

"Tutaongea."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile, na sitaki kusikia tena. Padre alivua miwani. Kutoka mlangoni sauti ya msichana ikapaa juu ya zote: "Leo! Aongee leo!" Wenzake wakapokea kwa makofi, leo, leo, wanafunzi nao wakaingia, maana mwanafunzi hahitaji kujua ni la nini.

Dada alikuwa bado amepiga magoti na sinia yake. Akasema polepole, lakini ukumbi mzima ulisikia: "Ile fomu, Mama."

"Nitaandika," nikasema.

"Lini?" akauliza yule bibi wa mbele. Alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti na fimbo yake.

"Jumatatu, bibi."

"Sisi ni mashahidi," akasema bibi, akakaa.

Shemeji akavuta pazia, yaani vitenge viwili vya dada yangu mkubwa, na huo ukawa mwisho. Mkono wangu ulikuwa bado kifuani.

Watu walitupongeza nje mpaka jua likaelekea vilimani. Mchungaji alisema Wafaransa wana hekima, kumaliza jambo zito kama lile kwa mazungumzo badala ya sumu. Shemeji, aliyekuwa amenuna nyuma ya ukumbi, akasikia, akanyooka, na kwa mara ya tatu au ya nne nikamsikia akieleza kwamba mwisho ule aliubuni yeye ili uendane na mazingira.

Jumatatu ikaja. Nilikuwa nimefikiri sana kwenye kochi, na nikaona kwamba ahadi ya jukwaani ni mali ya jukwaa. Je, aliyekufa kwenye mchezo tunamzika?

"Dada, yale ya Jumamosi yalikuwa mchezo," nikamwambia.

"Ndiyo, Mama."

Hakubisha, na mimi nikajipongeza kwa kulimaliza kwa utulivu. Jumanne akapika, akauza, akafua. Akaonja chai yangu kama kawaida. Fomu ikaendelea kulala ndani ya daftari.

Jumatano asubuhi aliniletea kahawa. Asubuhi mimi hunywa chai, siku zote, na anajua. Akapiga magoti, akanipa kikombe kwa mikono miwili, na hakumimina kitu kiganjani. Hakuinuka pia. Alikaa pale pale, macho chini, mpole kuliko siku zote.

Nikaitazama kahawa. Ilikuwa nyeusi, inatoa moshi. Kahawa ya kawaida kabisa, ya kwetu.

"Hujaonja," nikasema.

"Mama si uliniambia niache? Ulisema ina mate."

"Nilisema. Lakini onja."

"Miaka sita unaniambia niache, Mama. Leo nimesikia."

Najua alichofanya, na yeye alijua kwamba najua. Binti huyu asingeweza kumdhuru hata senene bila kuomba radhi. Mikono yangu lakini haikujua. Ilikataa kukiinua kikombe hadi mdomoni.

"Dada, onja kidogo tu."

"Nitaonja, Mama. Ukimaliza kuandika."

Akatoa kalamu kwenye upindo wa kitenge chake. Daftari lilikuwa tayari juu ya meza, limefunguliwa, fomu juu yake, imenyooshwa pembe na kufutwa utomvu kadiri ulivyokubali kufutika.

Nikaandika. Nilitaka kuandika kwamba ni mwaminifu na mchapakazi, kama wanavyoandika wote, lakini fomu ilianza kwa kutaka mwajiri aandike jina kamili la mwombaji kwa mkono wake mwenyewe. La kwanza nikaliandika. La baba yake ilibidi nimwulize. Akanitajia bila kuinua macho, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Nikaandika pia kwamba ana kumbukumbu ya ajabu, anasoma vizuri, duka langu linasimama kwa sababu yake, na kwamba namruhusu kuondoka muhula ukianza. Mwandiko ulitoka mzuri. Nikaweka sahihi.

Akaisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mstari kama wiki ya kwanza. Kisha akakichukua kikombe nilichokiweka kando, akanywa. Safari hii hakutumia kiganja. Alikunywa kwa mdomo wake, funda la kwanza, la pili, mpaka chini, akakiweka mezani.

"Imepoa," akasema.

Akaweka fomu ndani ya bahasha, akavaa viatu vyake vya kanisani, na nikamsikia akiongea na kijana wa bodaboda kuhusu basi la Muleba la saa tatu. Pikipiki ikaondoka.

Nilikuwa bado nimeketi bondeni mwangu nikisikiliza nyumba ilivyo kimya, pale mtu alipogonga dirisha la duka.

"Dada!" akaita. "Dada, sabuni!"

Nikangoja kidogo, kwa mazoea. Akagonga tena. Nikainuka, nikaanza kutafuta ndala.